Maji Yaliyotangulia Barabara

Watu wa kila nchi wana mahali wanapoweka kumbukumbu zao. Katika pwani yetu kumbukumbu zimo katika kuta za matumbawe. Mtu akitembea Gedi au Lamu huona mlango, msikiti na kaburi, akajua kuwa hapo palikuwa na mji na watu wake. Nchi ya Kaskazini Mashariki ya Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera, haikuachiwa kuta nyingi za namna hiyo. Nyumba ya mfugaji ni ya fito na mikeka. Asubuhi hufungwa juu ya mgongo wa ngamia, na jioni husimamishwa mahali pengine. Mgeni apitaye kwa haraka huitazama nyika hii pana akasema kwamba haina historia. Asemalo si kweli. Historia ya nchi hii ipo, ila iliandikwa katika visima, madimbwi, malambo na vinamasi. Penye maji ndipo palipokuwa na kijiji, soko, ugomvi, mapatano na sala. Barabara zilikuja baadaye, zikafuata maji.

Kwa kuisoma historia ya namna hii, hapana chombo kifaacho kama baiskeli. Wahenga walisema kuwa mwenda pole hajikwai. Nasi twaweza kuongeza kwamba mwenda pole huona. Mwenye gari hubeba maji ya siku tatu, akapita vijiji kumi bila ya kumwamkia mtu. Mwendesha baiskeli hawezi kufanya hivyo. Maji yake ni ya chupa mbili au tatu, na jua ni kali, kwa hiyo katika kila kituo hana budi kuuliza, “Maji yako wapi mbele? Ni matamu au ya chumvi? Nani mwenye zamu?” Hayo ndiyo maswali waliyouliza wenye misafara ya ngamia kwa karne nyingi. Aulizaye kwa sababu ya kiu hupata jibu ambalo msomaji wa ramani halipati.

Nchi yenyewe haimchoshi mpanda baiskeli kwa milima. Kutoka Garissa mpaka Wajir ni zaidi ya kilomita 300, lakini katika mwendo wote huo ardhi huinuka kama mita 100 tu. Adui wa gurudumu ni wengine: mchanga mlaini, tope jeusi wakati wa mvua, na miba. Miba ya migunga ni ya tangu zamani. Mathenge, mti ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, umeenea kuliko walivyotazamia walioupanda, na mwiba wake hupenya tairi kama sindano. Tena msafiri hana budi kuchagua majira. Wasomali huugawa mwaka katika sehemu nne: Gu ni mvua kubwa, Hagaa ni kiangazi cha upepo, Deyr ni mvua ndogo, na Jilaal ni kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka. Mvua ya mwaka mzima Garissa ni kama milimita 300 hivi. Aidha, usalama wa njia hizi umepata misukosuko mingi, na si busara kwa mtu yeyote kusafiri humo bila ya shauri la wazee na wakuu wa mahali. Basi, msomaji, tufuate njia hii kwa fikira, kwa mwendo wa baiskeli, tukisimama penye maji.

Maji ya kwanza ni mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Mji wa Garissa umekaa ukingoni mwake upande wa mashariki, na daraja lake huuunganisha na Madogo ng’ambo ya pili. Mto huu huzaliwa katika milima ya Kenya na Nyandarua, mahali penye baridi na mvua, kisha huteremka kupita katika nchi kavu mpaka Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mara kwa mara hubadili njia yake, ukaacha nyuma maziwa madogo yaliyopinda kama mundu. Humo hukaa samaki na yangeyange, na pembeni mwake watu wamelima kwa vizazi vingi. Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya ni wakulima na wavuvi wa mto. Waorma na Wasomali ni wafugaji walioleta mifugo kunywa. Katika karne ya 19 Waorma walienea nchi kubwa kati ya Juba na Tana, lakini katika miaka ya 1860 walishindwa vitani na Wasomali. Mwanzoni mwa karne ya 20 mifugo ya Wasomali ilikuwa imekwisha kufika Tana. Wakulima walihitaji ukingo wa mto kwa mashamba. Wafugaji walihitaji ukingo ule ule kwa kunyweshea. Ugomvi mwingi wa Tana, hata ule uliomwaga damu nyingi katika delta yake mwaka 2012, umetokana na haja hizi mbili zikutanapo mahali pamoja.

Mto wenyewe umebadilika. Zamani gharika ya kila mwaka ilijaza madimbwi na kurutubisha mashamba. Tangu bwawa la Kindaruma lilipomalizika mwaka 1968, na Masinga mwaka 1981, na mengine katikati na baada yao, maji mengi huzuiwa juu kwa ajili ya umeme. Faida yake twaiona kila tuwashapo taa, lakini madimbwi ya chini hayajai kwa desturi ile ya zamani. Hata hivyo mto haukufugwa kabisa. Gharika za mwaka 1961, za 1997 hadi 1998 na za 2024 ziliikata barabara ya Garissa, na watu wakavuka kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa magari.

Tukiuacha mto na kuelekea kaskazini, tunaingia katika nchi ambayo maji yake hayapiti, hukaa. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katika mabonde madogo ya udongo mzito na katika malambo yaliyochimbwa kwa mikono, ambayo mahali pengi nchini Kenya huitwa silanga. Kwa majuma machache nyika hugeuka. Majani huchipua, ndege hushuka, vyura huimba usiku, na ng’ombe, mbuzi na kondoo hutawanyika huku na huko kwa sababu maji yako kila mahali. Kisha madimbwi hukauka moja baada ya moja, na watu hurudi taratibu kwenye visima vya kudumu. Huku kutawanyika na kurudi ndiko kulikoilinda nchi. Majani ya karibu na visima yalipumzika wakati wa mvua, yakawa akiba ya kiangazi. Mtu asiyejua sheria hii huwaona wafugaji kama watu wanaotangatanga. Kumbe safari zao zina kalenda na adabu.

Njiani tunafika Modogashe, kituo kidogo mahali njia ya Garissa inapokutana na ile itokayo Isiolo. Hakina jumba kubwa wala mnara, lakini kijiji hiki kina haki ya kutajwa katika vitabu. Mwaka 2001 wazee wa jamii mbalimbali za nchi hizi walikutana hapa wakapatana juu ya wizi wa mifugo, malipo ya damu, malisho na maji. Mapatano hayo huitwa Azimio la Modogashe. Moja katika mambo waliyokubaliana ni kwamba atakaye kuingiza mifugo yake katika malisho ya wenzake aombe kwanza ruhusa kwa wazee wa hapo. Sharti hili ni la heshima kabla ya kuwa la sheria. Halimnyimi mgeni maji. Humtaka abishe hodi.

Mbele ya Modogashe ni Habaswein. Jina hili katika Kisomali lina maana ya vumbi jingi, na mpanda baiskeli hahitaji mkalimani wa kumfasiria. Lakini karibu na vumbi hili ndipo unapoishia mto Ewaso Nyiro, katika kinamasi cha Lorian. Mnamo miaka ya 1892 na 1893 Mmarekani William Astor Chanler, akisafiri pamoja na Ludwig von Höhnel, alipanda Tana na kisha akaufuata Ewaso Nyiro kwenda chini. Alikuwa amesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian. Badala ya ziwa alikuta matete, tope na mbu. Wageni walihuzunika kwa kukosa ziwa la kuandika katika ramani. Wenyeji hawakuwa na huzuni hiyo, maana kwao kinamasi kilikuwa ghala: Jilaal ilipokausha kila kitu, majani mabichi ya Lorian yaliokoa mifugo. Siku hizi kinamasi hicho huwa kikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa sababu maji mengi ya Ewaso Nyiro hutumiwa juu kabla ya kufika. Kwa hiyo vumbi la Habaswein lina uhusiano na mifereji ya mashamba yaliyo mbali sana nalo. Mtu wa juu na mtu wa chini ya mto mmoja ni jirani, hata kama hawajaonana.

Sasa twafika Wajir, mji wa visima. Chini ya mchanga wake kuna mawe ya chokaa, na maji hupatikana kwa kina kidogo. Visima ni vingi, na baadhi yake ni vya kale kiasi kwamba wenyeji hawasemi babu yupi aliyevichimba. Masimulizi huwataja watu wa zamani walioitwa Madanle, ambao husemekana walikuwa wakubwa wa maungo na hodari wa kuchimba. Hatuna lazima ya kuamini kila neno la masimulizi haya, lakini tusiyapuuze. Yanatuambia kwamba waliokuja baadaye walikuta kazi ya wengine tayari, wakakiri kwamba visima vilikuwako kabla yao. Ni uungwana mkubwa kwa taifa kukumbuka kwamba linakunywa kutoka katika jasho la watu waliotoweka.

Kisima hakina maana bila ya zamu. Kwa Waborana, msimamizi wa zamu ya kunywesha huitwa abba herega, na neno lake kisimani ni kubwa kuliko la tajiri mwenye ng’ombe wengi. Huamua nani anyweshe leo na nani kesho, na ukoo gani utengeneze hori la udongo lililobomoka. Kabla ya kuwako ofisi ya serikali katika nchi hii, palikuwako utawala; na kiti chake kilikuwa mdomoni mwa kisima.

Waingereza walipotaka kuitawala nchi hii, walielewa jambo hilo upesi. Mwaka 1912 walijenga kituo chao Wajir, kwa kuwa ashikaye visima huwashika wanywao. Waborana, ambao walikuwa wakinywesha hapa tangu zamani, waliondolewa katika miaka ya 1930 wakapelekwa upande wa Isiolo. Maofisa wa ngome ile, walio mamia ya kilomita kutoka baharini, walianzisha kwa mzaha klabu yao wakaiita Klabu ya Kifalme ya Mashua ya Wajir, ingawa hapakuwa na mashua wala bahari. Mzaha huo wapendeza, lakini una funzo ndani yake: wao waliiona nchi hii kwa kile ilichokosa, na wenyeji waliiona kwa kile ilichokuwa nacho.

Hapa msafiri hana budi kujiuliza kwa nini njia hii imekuwa na ukimya namna hii. Ukimya wa barabara si kazi ya jua peke yake. Sheria pia ilifanya kazi. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa watawala uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa. Mtu wa Nairobi hakuweza kuingia bila ya hati, wala mtu wa Wajir kutoka bila ya hati. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliongeza uwezo wa kuwawekea watu mipaka ya malisho. Mistari ilichorwa juu ya karatasi, lakini mawingu hayakuisoma. Mvua ikinyesha ng’ambo ya mstari, mfugaji aliona majani asiyoruhusiwa kuyafikia.

Uhuru nao ulikuja na huzuni yake. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba Wasomali wengi wa mpaka wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Nchi ikabaki katika Kenya. Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa, na vita vikaendelea mpaka mapatano ya mwaka 1967. Mwaka 1966 watu waliamriwa kukaa katika vijiji vyenye ulinzi, na wale waliozoea kutawanyika na kurudi wakakatazwa kutawanyika. Majani ya karibu yakaisha na mifugo mingi ikafa. Baadhi ya vituo tuvionavyo leo njiani vilikua kutokana na kukusanywa huku, na si kutokana na kisima. Sheria za hatari ziliendelea katika eneo hili mpaka mwaka 1991.

Karibu na mji wa Wajir kuna uwanja wa ndege uitwao Wagalla. Mnamo 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya humo wanaume wa jamii ya Wadegodia, katika operesheni iliyosemekana kuwa ya kuondoa silaha. Walikaa juani kwa siku kadhaa bila ya chakula wala maji, na mamia yao waliuawa. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo haya katika taarifa yake, ili taifa lisiweze kusema kwamba halikujua. Twayataja hapa kwa sababu ni historia, na kwa sababu hapana jambo liwezalo kuumiza moyo wa nchi ya visima kuliko mtu kufa kwa kiu hali visima viko karibu. Ambacho abba herega asingemnyima hata mgeni, watu hawa walinyimwa na wale waliopaswa kuwalinda.

Lakini mji huo huo ulitoa mfano mwingine. Baada ya ukame wa miaka ya 1991 na 1992, koo za Wajir ziligombana vikali kwa ajili ya maji, malisho na siasa. Soko nalo likagawanyika. Mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, walianza na jambo dogo: walikubaliana kwamba sokoni asibaguliwe mtu, na wakakaa humo kulinda neno lao. Kutoka sokoni shauri lilikwenda kwa wazee, na Septemba 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al-Fatah, la amani kati ya koo. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden; alifariki mwaka 2011. Haba na haba hujaza kibaba, na amani ya Wajir ilijazwa hivyo hivyo.

Tungeweza kuendelea kaskazini mpaka El Wak, katika Mandera, mpakani mwa Somalia. El ni kisima, na Kisomali na Kiborana vinakaribiana katika neno hili; Waaq ni jina la Mungu lililotumiwa na watu wa pembe hii ya Afrika kabla ya Uislamu, na ambalo Waborana hulitumia hata leo. Basi El Wak ni visima vya Mungu. Watu wake wa leo ni Waislamu, nao hawakulifuta jina la kale. Majeshi yalipigana hapo Desemba 1940, wakati wa vita na Waitalia. Mpaka wa nchi mbili ukawekwa hapo. Na jina likabaki kama lilivyokuwa.

Lipo jambo moja ambalo kijana msomi lazima alipime kwa makini. Baada ya Uhuru, hasa katika miaka ya 1970, malambo makubwa na visima virefu vya mitambo vilichimbwa kwa wingi, kwa nia njema. Maji yalipopatikana mwaka mzima mahali ambapo zamani yalipatikana kwa majuma machache, watu walijenga hapo, na vijiji vikamea kama uyoga. Shule na zahanati zikafika, na hiyo ni baraka isiyokanushika. Lakini mifugo nayo ilibaki hapo hapo mwaka mzima, na majani ya pembeni yakaliwa mpaka mizizi. Tangu Katiba ya mwaka 2010 na kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013, uwezo wa kuchimba umekuwa karibu zaidi na wananchi, na kila mwanasiasa hupenda kuahidi lambo. Swali la mfugaji wa zamani lingali na nguvu: maji haya yakiwako, majani yatapumzika lini? Kuchimba ni kazi ya mtambo. Kuweka zamu ni kazi ya akili na heshima. Lambo lisilo na wazee wa kulisimamia ni shimo lenye maji kwa muda.

Msomaji kijana, huenda shule yako iko Garissa, au iko mbali na nchi hii, Kisumu au Tanga. Popote ulipo, pana kisima, kijito au lambo ambalo watu walilitumia kabla ya barabara. Kalitembelee kwa miguu au kwa baiskeli. Waulize wazee ni nani aliyelichimba, jina lake lina maana gani, nani alikuwa msimamizi wa zamu, na mwaka gani lilikauka. Andika majibu pamoja na tarehe, na uyalinganishe na ya mwenzako. Wengi wajuao mambo haya ni wazee wa umri mkubwa, na walijualo halimo katika vitabu vya shule.